Chumvi ya Hitima

Mkono wa Bimdogo ulichota chumvi kwenye kifuu, ukainyunyiza chunguni. Semeni, aliyekuwa akimenya vitunguu mlangoni, alishtuka. Mkono ule ule ulikuwa umekwisha kutia chumvi ile ile kabla nyanya hazijaanza kutokota.

Ilikuwa hitima ya marehemu Mzee Himyar, mwaka ule bei ya mkonge ilipoporomoka. Mjane wake, Bimdogo, alikuwa na mchuzi mmoja ambao watu walitoka hata Pangani kuja kuula: nyama ya mbavu, bizari, kitunguu thomu, na nyanya zilizoiva mpaka kupasuka, bila maji hata tone. Aliurithi kwa mama yake, na pamoja nao akarithi sharti moja: chakula cha hitima hakionjwi mpaka dua iishe. Mpishi hupima kwa jicho na pua, basi.

Semeni alikuwa mke wa Khalifa, mwana wa pekee wa nyumba ile, na binti wa mkulima wa Maramba. Nyanya za Maramba Bimdogo alizipenda. Mkwe wa Maramba alimvumilia tu. Tangu aolewe Semeni hakuruhusiwa kukoroga chungu kile, naye hakutamani kitu kama kukikoroga. Aliamini kwamba siku atakayopika mchuzi ule ndiyo siku atakayokuwa mtu wa nyumba hiyo.

Sasa afanye nini? Akisema, atamvunjia mama mkwe heshima mbele ya wanawake waliojaa uani. Akinyamaza, wageni watakula aibu. Alijikaza akaanza kusema habari ya chumvi, lakini Bimdogo alimkata jicho, naye akarudi kwenye vitunguu vyake.

Dua ilipoisha, sinia zilipelekwa barazani. Zikarudi karibu vile zilivyokwenda. Khalifa aliingia uani, uso umemsawijika, akauliza kulikoni. Wanawake wote wakamgeukia Bimdogo, naye alikuwa akikitazama chungu kama mtu aliyepotewa na njia. Semeni hakuweza kustahimili.

"Chumvi nimezidisha mimi," alisema.

Alitarajia walau jicho la shukrani. Hakulipata.

"Nilimkataza asikiguse," alisema Bimdogo, kwa hasira ya kweli kabisa. Hapo ndipo Semeni alipoogopa. Yule mama hakuwa akijificha nyuma yake, alikuwa ameamini.

Khalifa alimnunia. Mtaani walisema wa shamba ni wa shamba tu, hata umvishe hariri. Semeni aliumia, akameza.

Kisha Ijumaa moja asubuhi Bimdogo akamwita jikoni. Alisema amechoka kuaibishwa, asiyejua hufundishwa. Akamkalisha kwenye kibao kando ya mafiga, akamwonyesha: nyama ikaangike kwa mafuta yake yenyewe, nyanya ziminywe kwa mkono zisikatwe kwa kisu, ndimu isubiri mpaka moto utolewe. Akatia chumvi. Semeni alishika kila neno, akifurahi na kusononeka kwa pamoja, kwa maana alichokitamani miaka yote alikuwa akipewa na mtu aliyeanza kukisahau.

Wakakaa wakiusikiliza mchuzi unavyotokota. Baada ya kitambo Bimdogo akanyoosha mkono kwenye kifuu.

"Umeshatia, mama," alisema Semeni taratibu.

Mkono ukasimama. Bimdogo akakitazama chungu, kisha akamtazama mkwewe, na safari hii macho yake yalikuwa na machozi.

"Na siku ile ya hitima?"

Semeni akasogeza ukuni ambao haukuhitaji kusogezwa. Bimdogo aliteka mchuzi kidogo kwa upawa, akampa.

"Leo si hitima," alisema. "Onja, mwanangu. Unambie kama bado ni ule wa mama yangu. Mie sijui tena."

Semeni, ambaye hakupata kumwona mama huyo wala kuonja mkono wake, akaupokea upawa, akaupuliza.