Helmeti ya Wachira

“Basi nishonee godoro nilivae kichwani,” mwanangu Luseno alisema, “maana wewe ni godoro tu unaamini.”

Tulikuwa tunagombana tangu saa kumi na mbili asubuhi, na sasa ilikuwa karibu saa moja. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu hapa Tena, amevaa kaptura ya kubana na jezi ya timu, namba kumi na saba imebanwa mgongoni kwa pini. Mimi nilisimama mbele yake nimeishika helmeti. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye karo ya kufulia, na chai yake ilikuwa imepoa kando ya mguu wake.

Nilimjibu kwamba godoro angalau ningelipima kwanza. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nina diploma ya politekniki, na kwa miaka kumi na minne nimepima povu katika kiwanda cha magodoro kule Industrial Area. Ninaliminya, ninaliachilia, ninatazama kama linarudi. Lisiporudi, halitoki getini.

Helmeti yenyewe aliileta nyumbani jana saa kumi jioni, ameizungushia taulo kama mtoto mchanga. Kila mwendesha baiskeli kutoka hapa mpaka Huruma aliijua. Mwaka jana, kwenye mashindano ya kwenda Naivasha, mwenzao Wachira alirushwa kwenye kona ya mteremko wa Mai Mahiu, kichwa kikagonga ukingo wa mawe. Helmeti ikapasuka. Wachira akavunjika mfupa wa bega, lakini alipozinduka aliomba chai. Habari ya chai hiyo ilizunguka mitaa yote. Gichuru, fundi wa baiskeli wa Huruma ambaye ndiye meneja wao, akaiunga helmeti kwa gundi ya viatu na kuipaka rangi nyekundu, na tangu hapo vijana huigusa kabla ya kila safari.

Mwaka huu wenye mashindano walitoa amri: asiye na helmeti haanzi. Timu ina vijana watano. Ilipata helmeti nne mpya, na ya tano ikawa hiyo. Wakapiga kura kwa vifuniko vya soda kuona nani ataivaa ya Wachira. Mtu angedhani atakayeshindwa ndiye atakayeibeba. Kwao ilikuwa zawadi ya mshindi, na mshindi alikuwa mwanangu.

Jana hiyohiyo niliibandua sponji ya ndani kwa kisu cha jikoni. Chini yake kuna povu gumu jeupe, kama lile linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya. Ufa ulitoka sikioni mpaka utosini. Kando ya ufa, sehemu yenye ukubwa wa kiganja ilikuwa imedidimia. Nilibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Mteremko ule wa Mai Mahiu naujua, tunaupita Desemba tukienda nyumbani Kakamega. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili hakuna kitu, na mimi hufumba macho mpaka tufike chini. Mwanangu huushuka kwa magurudumu mawili membamba kama kidole, akishindana na malori.

Nilikuwa nimeyasema yote hayo, na yeye alikuwa na jibu la kila kitu. Alinikumbusha kwamba kule Ulaya mabingwa wenyewe hushindana vichwa wazi. Miaka miwili iliyopita, mwaka wa 1991, waliamriwa kuvaa helmeti, wakagoma, na wakuu wakairudisha amri mfukoni. Kama wanaolipwa kwa kazi hiyo hawaogopi, yeye aogope nini? Na kulikuwa na mgeni kutoka timu moja ya Ubelgiji ambaye leo angesubiri Naivasha, ana nafasi moja tu ya kumpa mtu. Luseno ana miaka ishirini na mitatu, na kazi aliyo nayo ni kubeba kreti za mikate.

“Hao wa Ulaya wanafuatwa na daktari kwa gari,” nilimwambia. “Wewe utafuatwa na nani?”

“Mathe, kama si leo, ni lini?”

Nje pikapu ya Gichuru ikapiga honi.

Gichuru aliingia kwa mlango wa nyuma huku anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi, na nyuma yake akaja Kweyu, mdogo wao katika timu, ameshaikaza helmeti yake nyeupe kidevuni. Gichuru alisikiliza kidogo, kisha akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mteja, kwamba wakaguzi huangalia nje tu na kuvuta mkanda. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba helmeti isiwe imewahi kuanguka.

“Weka kidole hapa,” nikamwambia.

Aliweka. Povu likalia kidogo, kama mkate mkavu. Akakitoa kidole na kukipangusa kwenye suruali.

“Mama Luseno, hii ndiyo ilimwokoa Wachira.”

“Ndiyo. Ikamaliza kazi yake siku hiyo. Povu la godoro ukiliminya linarudi. Hili hufa mara moja, na limeshakufa. Ulichopaka rangi ni ganda.”

Nilimwona Luseno akiitazama helmeti, kisha akijishika kisogo bila kujua. Alikuwa ameanza kuogopa, na sikufurahi kuliona hilo nilivyodhani ningefurahi.

Gichuru ni mtu wa kutafuta njia. Alimgeukia Kweyu, akamuuliza kama angebadilishana na Luseno. Kweyu alishaanza kufungua mkanda kabla swali halijaisha. Alikuwa anatabasamu.

“Hakuna shida, mama. Mimi hiyo nimeitaka tangu juzi.”

Helmeti nyeupe ikamwenea Luseno vizuri. Ndani bado ilikuwa na karatasi ya duka. Akaufunga mkanda, akanitazama.

“Sasa umeridhika?”

Nitasema ukweli. Niliridhika. Nilimwona anafika Naivasha akiwa mzima, nikamwona yule Mbelgiji anampa mkono. Kweyu akanyoosha mkono kuichukua ile nyekundu, na mkono wangu ukaanza kumpa.

Kisha nikamkumbuka mama yake. Triza hukaa nami benchi moja kanisani. Jumapili iliyopita aliniambia kwamba anaomba kura imwangukie Kweyu, avae ile ya Wachira, ndipo moyo wake utulie. Yeye hajawahi kuiminya, na hakuna mtu wa kumwambia. Aliyeiminya ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa ninampa mwanawe.

Nilirudisha mkono.

“Gichuru, asiye na helmeti haanzi?”

“Haanzi.”

“Hata akiwa namba moja wenu?”

“Hata awe nani. Wamesema hakuna mjadala.”

Nikaiweka ile helmeti kwenye sakafu ya karo, nikainua jiwe tunalozuilia geti. Luseno alisema, “Mathe, ngoja,” lakini hakuinuka. Pigo la kwanza liliachanisha gundi yote. La pili likaigawanya vipande viwili, na punje nyeupe zikamwagika sakafuni kama chumvi. Gichuru alishusha pumzi ndefu. Kweyu alikuwa na uso wa mtu aliyeshuhudia kanisa likivunjwa.

Nilimgeukia mwanangu, nikamnyooshea mkono. Alivitazama vile vipande, akamtazama Kweyu na kichwa chake kitupu. Kisha akaufungua mkanda mwenyewe. Hakunipa mimi. Alimpa Kweyu helmeti yake nyeupe, akamwinamia na kumfungia kidevuni, akauvuta mkanda mara mbili kuona kama umekaza.

“Kwenye kona ya chini kabisa, usiangalie upande wa bonde,” alimwambia. “Angalia barabara tu.”

Gichuru na Kweyu wakaondoka. Tulisikia pikapu ikipinda kuelekea barabara ya Outer Ring.

“Geuka,” nikamwambia Luseno.

Akanigeuzia mgongo. Namba kumi na saba ilishikwa na pini nne. Ya kwanza ikanichoma kidole. Nikaitoa, nikaenda kwenye ya pili.