Ziwa Lilivyotozwa Faini

Asubuhi moja ya Juni, mwaka 1951, Limi alikuwa akiongeza miiba kwenye lango la ngitili yake, Bartholomeo akafika na baiskeli, meza ya kukunja na ramani. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Malisho hayo hufungwa mvua zikianza na kufunguliwa Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea. Anayeingia kabla ya siku hutozwa dume, na akishalipa, kesi imekwisha. Limi alikuwa mjane mwenye ng'ombe tisa, na ng'ombe hao hawakuwa na pengine pa kula Septemba ikifika.

"Shikamoo, Mama Mageni."

"Marahaba, baba. Meza ya nini porini?"

"Nakuletea pwani."

Kijiji kilikuwa mwendo wa siku mbili kutoka ziwani, kwenye njia ya kwenda Shinyanga, lakini Bartholomeo hakuwa mtu wa kubabaishwa na umbali. Alikuwa mchora ramani mgodini Geita, vita vikampeleka Mombasa, akarudi na bahari kichwani. Hakuwa mwongo. Alikuwa na maono, maradhi yanayofanana na uongo ila mgonjwa wake haoni haya. Tayari alikuwa ameinyoosha kwa rula ghuba moja upande wa Geita. Wavuvi waliamka wakaikuta mraba, wakanung'unika kwamba samaki wanajigonga kwenye kona, kisha wakazoea.

Alichovya brashi, akapaka buluu juu ya ngitili.

"Hapo ni malisho," Limi alisema.

"Kwenye ramani hapana kitu, mama. Tazama mwenyewe."

Limi alitazama. Kweli hapakuwa na kitu.

Ziwa lilifika Alhamisi, saa tatu asubuhi, likifuata njia ya ng'ombe. Lilipita kati ya nyumba bila kulowesha hata kizingiti, likaruka miiba, likajilaza juu ya nyasi zote. Jilala, mwanangwa anayekiongoza kijiji, alikuja na fimbo yake, akalitazama kutoka upande huu hadi ule.

"Limeingia kabla ya siku," alisema.

Wazee walikaa kesho yake. Ziwa liliitwa, likasogea hadi miguuni pao. Likaulizwa kama lina la kujitetea. Likanyamaza, ikahesabiwa limekiri. Lilitozwa dume mmoja. Kabla ya adhuhuri lilimsukuma nje kiboko dume, mnene, mwenye adabu zake, wakamfunga kamba na kumkabidhi Limi.

"Na lenyewe linatoka lini?" Limi aliuliza.

 Tangu wazee wazaliwe, kila aliyetozwa alikwenda zake mwenyewe. Haikuwahi kumjia mtu kwamba kuna haja ya kumwamuru aondoke.

"Dume umepokea, Mama Mageni," Jilala alisema kwa upole. "Kesi imekwisha."

Limi aliitazama kamba mkononi mwake, roho ikamuuma, maana angeweza kuikataa na hakuikataa. Bartholomeo, aliyejitolea kuwa karani wa siku hiyo, aliandika kwamba mwenye malisho ameridhika. Muhuri ulitoka bomani mwezi uliofuata, malisho yakawa ya ziwa.

Mji ukaja. Ukaja mchanga mweupe, minazi, hoteli yenye baraza, bendi ya Jumamosi, na upepo wa chumvi uliozitia kutu baiskeli mpaka Ushirombo. Wachimbaji wa Geita walikuja kujilaza kifudifudi juani, kwa mara ya kwanza bila kutafuta kitu ardhini. Langoni kikatundikwa kibao: MIFUGO MARUFUKU. Limi alikuwa akiwapeleka ng'ombe wake mbali kutafuta nyasi, na kila kiangazi walirudi pungufu. Kiboko, ambaye alimwita Faini, alikwenda na kurudi nao, akalala zizini, akajifunza kuja akiitwa. Limi alimpenda kuliko alivyokusudia.

Bartholomeo alifariki Machi 1958, barazani, rula ikiwa mfukoni. Alizikwa ufukoni, watu wakajaa, na ziwa kwa heshima likarudi nyuma hatua hamsini. Pale lilipoondoka nyasi zilikuwa mbichi, za kufika kiunoni, kama Limi alivyoziacha. Aliuacha wimbo wa mazishi katikati, akakimbia nyumbani, akarudi na ng'ombe wake wanne na Faini, akafungua lango. Walikula. Limi alisimama kati yao akilia kwa furaha, wala hakujificha.

Jilala alikuja taratibu, kofia mkononi.

"Mama Mageni, leo ni Machi."

"Najua, mwanangwa."

"Umeingiza kabla ya siku. Na mwenye mahali yuko pale anatazama."

Maji yalikuwa yametulia, yanasubiri. Limi aliwatoa ng'ombe kwanza. Wote walikuwa majike. Dume alikuwa naye mmoja tu. Alimfungua Faini kamba, akampigapiga mgongoni, na Faini akaingia majini bila kugeuka. Ziwa, likishapokea haki yake, likarudi mahali pake.

Limi alirudishia miiba langoni, akaikaza vizuri kama kila mwaka, akawaswaga ng'ombe wake wanne kwenda nyumbani. Walikuwa wameshiba.