Farasi Aliyeogopa Mikono Mnadani

Mjukuu wangu Delaney alimlea mwanafarasi chuoni mwaka mzima, akamfundisha kurudi nyuma kila aonapo mkono umeinuliwa. Kama asingemuuza mnadani, angefeli somo la ufugaji.

Dalali akataja bei. Mikono ikainuka, farasi akarudi nyuma. Bei ilivyopanda ndivyo alivyozidi kurudi, mpaka akatoka mlangoni kinyumenyume, akimburuta Delaney kwa kamba.

"Bibi, nimekwisha!" akalia kutoka nje.

Jirani yetu Orrin, mfugaji, akasimama. "Jamani, mikono mifukoni! Anayemtaka atoe ulimi."

"Mzee, una wazimu?" dalali akauliza.

Orrin akamtolea ulimi. Wanaume wenye kofia pana wakamuiga. Farasi akarejea, akatulia, akauzwa kwa mama mchungaji wa kanisa letu, aliyekuwa wa mwisho kurudisha ulimi ndani.