Kiapo cha Shauki na Tamasha la Simsimia

Watu wa Marsa Hilali walipoamua kufanya tamasha la nyimbo za kale, la kwanza tangu kijiji kiwe kijiji, walipata kila kitu ila mpigaji. Mwalimu Ibtisamu, aliyelianzisha jambo lenyewe, alikwisha omba uwanja wa kuanikia nyavu, mikeka ya misikiti miwili na waimbaji kutoka Suezi. Na mpigaji alikuwepo, tena jirani yake: Shauki, fundi wa injini za boti. Katika pwani yote ile ya Bahari ya Shamu hakuna aliyeijua simsimia, kinubi kile cha nyuzi tano, kama yeye. Shida ni kwamba Shauki alikula kiapo.

Ilikuwa harusini, miaka saba nyuma. Shauki yumo katikati ya wimbo, watu wanapiga makofi, mara kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme akafungulia vipaza sauti vyake, akamfunika gubigubi. Shauki akasimama, akaibwaga simsimia mchangani, akanguruma mbele ya kadamnasi: "Mke wangu ameachika talaka tatu siku nitakayoigusa tena!" Hasira za mkizi tijara ya mvuvi: tangu siku ile harusi zote zikawa za kijana wa kinanda.

Mke huyo ni Inshiraha. Wakati ule alikuwa uani kwa wenye harusi, mikono imejaa unga, anakaanga samaki. Wifi yake ndiye aliyemkimbilia na habari kwamba ndoa yake imetundikwa kwenye nyuzi tano. Inshiraha alimaliza samaki wake, akanawa, akarudi nyumbani na mumewe. Tangu hapo watu walimwuliza Shauki kama anajuta, kama vidole havimwashi. Inshiraha mwenyewe hakuna aliyemwuliza kitu.

Sasa, kwa sababu ya tamasha, ndipo wote wakamkumbuka. Sokoni, Zaghluli muuza samaki alimpokea kwa kelele, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ummu Badri! Hebu kubali uachike jioni moja tu, kijiji kipate sifa!"

"Talaka tatu hizo, bwege wee. Harudi mtu mpaka niolewe na mwingine."

"Kwani mimi nimekufa?"

Wateja wakaangua kicheko. Inshiraha akaokota mkizi kwenye sinia, akamchapa nao begani, naye pia akacheka. Lakini njiani kurudi nyumbani hakuwa akicheka. Aliona kwamba ameolewa miaka thelathini na mbili, amezaa, amelea, na leo heshima yake ni mzaha wa sokoni.

Akapitiliza mpaka kwa Sheikh Abdulmaula, imamu wa kijiji. Sheikh akamsikiliza, akasema, "Mlete mwenyewe. Mimi siwezi kusema ni talaka au ni yamini, yaani kiapo tu, mpaka nimwulize alikusudia nini moyoni."

Alikusudia nini moyoni. Inshiraha alisimama mlangoni pale na viatu mkononi. Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo miaka yote saba, akaogopa kuliuliza.

Shauki alipoambiwa, alikuja juu. "Kiapo cha mwanamume hakitenguliwi! Wewe umeanza lini kutaka kuniona jukwaani?"

"Sitaki jukwaa, Abu Badri. Nataka kukusikia ukijibu."

Alivyomtazama siku hiyo, Shauki hakuona pa kupenya. Baada ya adhuhuri wakaenda, Mwalimu Ibtisamu akiwa shahidi.

"Ulipotamka maneno yale," sheikh akauliza, "ulikusudia kumwacha mkeo?"

"Hata kidogo!" Shauki akajibu upesi. "Wallahi, sheikh, hata sikumuwazia. Hakunipitia akilini kabisa."

"Alhamdulillahi. Basi hiyo ni yamini ya hasira, si talaka. Lisha maskini kumi, uombe msamaha kwa Mola wako, na mkeo ni mkeo."

Mwalimu Ibtisamu alipiga kigelegele, akakimbia kuwapa watu habari. Shauki akashukuru, akasifu dini. Inshiraha peke yake ndiye aliyebaki ameinama. Siku zote alichokiogopa ni kwamba mumewe labda alikusudia. Kumbe hakukumbukwa hata. Alitajwa kama mtu anavyotaja jiwe.

Nyumbani Shauki alisugua mikono. "Haya, Ummu Badri, tuwapikie hao maskini wali wa samaki, ule wako wa vitunguu vya kuungua."

"Maskini ni wako, yamini ni yako. Pika."

Alidhani ni mzaha. Inshiraha alipotandika mkeka barazani akalala usingizi wake wa mchana, ndipo alipojua si mzaha. Akaingia jikoni. Vitunguu vikaungua kweli, vikapita kiasi, na wali ukashika chini ya sufuria. Wale maskini, mmojawapo shangazi yake mwenyewe, walikula kwa adabu, wakaomba maji mara nyingi.

Walipoondoka, Shauki alikaa kizingitini, nguo zimejaa masizi.

"Nimekukosea," alisema.

"Kwa kuapa?"

"Kwa kutokukuwazia. Ningekuwazia, nisingetamka."

"Sasa ulikuwa unamuwaza nani?"

Akafikiri kidogo. "Yule mshenzi wa kinanda."

Inshiraha alitaka kununa zaidi, ila kicheko kilimponyoka. Kisha akakata kicheko, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nikiisikia simsimia popote, moyo unanidunda. Miaka saba, Shauki. Siku nyingine ukikasirika apia masharubu yako." Shauki aliinuka, akaenda kusugua sufuria.

Tamasha lilianza baada ya alasiri. Shauki alikaa katikati ya duara na simsimia ya kuazima, maana yake mwenyewe ilikwisha vunjika harusini. Wimbo wa kwanza aliuharibu, vidole vilikuwa vigumu, na vijana wakaanza kuguna. Wa pili ulikaa sawa. Kwenye wa tatu alisahau ubeti, akanyamaza huku mkono unaendelea kupiga, macho yanahangaika.

Upande wa wanawake Inshiraha aliujua ubeti ule vizuri. Aliusikia ukifanyiwa mazoezi nyumbani kwake tangu ujana. Akaupokea pale alipokaa, bila kusimama. Jirani zake wakamfuata kwa makofi, kisha mkeka mzima, na wanaume wakaitikia kutoka upande wao. Shauki aligeuza shingo kutafuta sauti ile imetoka wapi, ingawa aliijua. Walipofika mwisho, watu hawakukubali, wakautaka tena. Mara hiyo alimwachia Inshiraha auanzishe.