Hatua Alizozijua Thabit

Tangu Thabit ahamie Maskati kutoka Unguja, haikupita siku asikutane na jambo asilolielewa. Lakini jambo la Ijumaa ile liliyazidi yote.

Mwaka huo wa 1968 alikuwa karani wa ghala katika kambi ya mafuta upande wa Qurum, na haja yake duniani ilikuwa moja tu: kumuoa Nasriya. Posa ilikwisha pelekwa. Jibu lilikuwa kwa ami wa binti huyo, Sheikh Thani, mzee aliyelima karafuu Pemba ujanani mwake na kurudi akiamini kwamba vijana wa Unguja wana ujanja kuliko adabu. "Tutamtazama kwanza," alisema, na wiki tatu zikapita bila neno.

Ijumaa baada ya alasiri, Wamarekani wa kambini walicheza mpira wao mchangani. Mpira gani ule! Umechongoka huku na huku kama tende, na watu wanaukimbiza kwa mikono. Upande wa Bwana Harlan, fundi mzee wa visima, ulipungukiwa na mtu, naye akamshika Thabit bega.

"Kazi yako kusimama tu," alimwambia. "Baba yangu aliucheza mchezo huu zamani, kanuni zilipokuwa chache. Waliwahi kuuficha mpira ndani ya fulana! Au mmoja wao alisimama ukingoni kama mtazamaji, wapinzani wakamsahau, kisha akarushiwa mpira akakimbia. Kwetu siku hizi ni marufuku. Hapa nani atakataza?"

"Nijifanye mtazamaji, na huku ni mchezaji?"

"Ndiyo."

"Huo si uongo?"

"Ndani ya mchezo ni akili."

Thabit hakuelewa, lakini alikubali, kwa kuwa Bwana Harlan alikuwa mkubwa wake kazini. Akasimama na kanzu yake, mguu mmoja ndani ya mstari wa chokaa. Mbele yake, hatua kumi hivi, palikuwa na mstari mwingine: atakayeuvuka na mpira ameshinda. Nyuma ya mstari huo lilitundikwa turubai la kivuli.

Mara akasikia, "Salamu alaykum."

Alikuwa Sheikh Thani, jambia kiunoni, amekuja kumchunguza kijana kazini kwake bila taarifa. Thabit akasogea upesi. Akapokea mkono, na salamu zikaanza kama zinavyoanza kwa watu wa Omani: khabari zako, ulumu zako, yaani mambo mapya, za nyumbani, za jamaa. Hujibu ila kheri, hata kama nyumba inaungua, wala huuachi mkono wa mkubwa kabla yeye hajakuacha.

"Ulumu?" aliuliza Sheikh.

"Kheri tu, sheikh. Hakuna ulumu."

Papo hapo mpira ukaja ukamtua kifuani. Akaubana kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuwa wake tena. Sheikh aliuona, lakini salamu haikatizwi kwa sababu ya kitu kinachoruka.

"Kimbia!" alipiga kelele Bwana Harlan.

"Twende kivulini," alisema Sheikh kwa utaratibu. "Jua hili kali." Akamwongoza kwa mkono kuelekea turubai, akiuliza khabari za shangazi yake Thabit.

Wapinzani walikuja mbio, majitu matatu yenye jasho. Walipoziona ndevu nyeupe na jambia wakasimama, wakatazamana. Nani amwangushe mzee wa watu? Thabit aliwapita akijibu kheri, kheri, hata yeye na Sheikh wakauvuka mstari mkono kwa mkono.

Kambi nzima ikalipuka kwa kelele. Bwana Harlan alikuja kumpongeza Sheikh, akicheka hadi machozi.

"Anafurahia nini huyu?" aliuliza Sheikh.

Thabit akamweleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyozidi kukunjamana.

"Kumbe mie nimekuwa fulana ya kufichia mpira," alisema. "Ulijua tunakokwenda?"

Thabit aliogopa. Angeweza kusema hakujua, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Kichwa chake kilikuwa kimevurugika. "Mwanzo sikujua, sheikh. Kisha nikauona mstari."

"Zilikuwa zimebaki hatua ngapi?"

"Tatu."

"Na hukunambia."

"Sikukwambia."

Mzee akaweka sawa jambia lake. "Basi miezi mitatu," alisema, akaenda zake.

Thabit alirudi nyumbani Matrah amechoka roho. Shangazi yake, Bi Mahfoudha, alikuwa anamsubiri mlangoni.

"N'nasikia Sheikh kaja kambini. Kakubali au kakataa?"

"Sijui, shangazi." Akamsimulia mpaka mwisho. "Kasema miezi mitatu. Miezi mitatu ya nini? Nisimwendee tena? Nihame?"

Bi Mahfoudha alipiga kigelegele, jirani wakachungulia. "Mjinga weye! Anayekataa hahesabu miezi. Kakupa adhabu, mwezi kwa kila hatua, na adhabu hupewa mtu wa nyumbani. Miezi mitatu, kisha harusi!"

Thabit alikaa kizingitini, akaanza kuhesabu kwa vidole, akirudi nyuma kutoka kwenye ule mstari wa ushindi. Uso ukambadilika.

"Shangazi," alisema, "nnadhani zilikuwa tano."

Bi Mahfoudha akamziba mdomo kwa kiganja.