Mwosha Maiti Arudi Wodini

Nilikuwa mkunga hospitalini. Mama yangu alipopooza nikaacha kazi, nikarudi Mwabungo kumuuguza, na miaka ikapita. Kijijini, mtu asiyeogopa mwili hapumziki. Mwanamke akifariki, huitwa mimi, Muhsina, nikaoshe. Nilikubali, maana ni faradhi, na wenzangu siku hiyo kila mmoja huwa na mgongo unaomuuma. Mwishowe nikamwosha na mama yangu. Kisha nikaomba kurudi kazini.

Nilirudi kwa uchu. Nilitaka nimpokee mtoto, nimsikie akilia. Nilikuwa nimechoka na kimya.

Msimamizi wa wodi ya uzazi, Sidi, umri wa binti yangu, alinikaribisha kwa heshima, akanionyesha mashine ambazo nilikuwa sijapata kuziona. Asubuhi hiyo hiyo akanikabidhi Fauzia, mimba yake ya kwanza, aliyeletwa na mama mkwe wake, Mwanarusi.

Nilipovaa glavu, Mwanarusi alinitazama sana. Akakumbuka kuwa ni mimi niliyemwosha dada yake mwaka jana. Aliona haya, lakini alisema.

"Dada Muhsina, usinione mbaya. Mikono hiyo usimshike nayo mkaza mwanangu. Naomba aje mwingine."

Fauzia akageukia ukutani. Ningeweza kumwambia Mwanarusi kwamba glavu ni mpya, na kwamba dini haisemi hivyo. Nilikasirika: mikono hii hii ndiyo wanayoitafuta nyumba kwa nyumba wakifiwa. Lakini mbele ya mwenye uchungu watu hawabishani. Nikavua glavu, Sidi akashika nafasi yangu, nami nikaenda nyuma ya pazia kukunja shuka ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Nilisubiri kilio. Nilimsikia Sidi akimhimiza Fauzia asukume, kisha nikamsikia akimwita daktari. Walijitahidi sana. Kitovu kilikuwa kimemzonga mtoto shingoni, na hakulia.

Baada ya muda Mwanarusi alifunua pazia. Nilidhani amekuja kusema kuwa nimewaletea nuksi, na jibu nilikuwa nimeshaliandaa, jibu kali. Lakini alikuwa amembeba mtoto ndani ya kanga.

"Dada Muhsina," alisema, "tuoshee."

Nikampokea. Ndiye mtoto wa kwanza niliyemshika tangu nirudi kazini, na alikuwa bado ana joto.