Jani la Isale kwa Koplo Tito

Daktari Aristides alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Miaka yake ya kushona majeruhi jeshini ilimchosha mwili; vitabu vya watoto alivyoviandika ndivyo vilivyommaliza roho. Kila mwaka Koplo Tito avuke mto wenye mamba, awatoroke waasi, aokoe kijiji kizima, na watoto kuanzia Moshi mpaka Sanya Juu wadai kingine. Mganga hajigangi, lakini huyu alijaribu: katika kitabu kipya alimuua koplo wake. Risasi moja, ukurasa wa mwisho, basi.

Tatizo ni kwamba Tito alikuwa mtu kweli, kijana wa Kibosho aliyemfia daktari mikononi walipokuwa walinda amani nje ya nchi. Jina hilo daktari aliliomba kwa mama wa kijana, Mama Salvina, na tangu hapo hakuna kitabu kilichokwenda kwa mchapaji kabla mama huyo hajasomewa na mjukuu wake, Loveness. Hata hiki alikipeleka. Aliyaweka makaratasi mezani akaondoka mbio, mwanajeshi mzima!

Jumamosi mama akateremka mpaka Njoro, nyumbani kwa daktari. Daktari alipofungua mlango alimwona ameshika jani la isale lililopigwa fundo. Mchagga akikuletea isale anaomba msamaha, na hata kama alikuchomea nyumba, humkatalii.

"Mama, umenikosea nini wewe?"

"Sijakukosea kitu."

"Basi jani limepotea njia. Niliyeshindwa kumwokoa ni mimi. Mimi ndiye wa kulileta."

"Ulihangaika naye mpaka mwisho, niliambiwa. Sina neno na wewe." Mama aliketi, akapumua. "Loveness alipofika mwisho alinyamaza. Nikamwambia soma, akasoma. Daktari, yule mtoto nimemzika mara moja. Ya pili siiwezi."

"Nimechoka, mama."

"Najua. Hata mimi nimechoka. Ndiyo maana nimekuja na kitu usichoweza kukikataa."

Daktari alitamani kukasirika, hasira ikakataa kuja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye alikuwa mzazi wa kalamu tu, na aliona aibu. Akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Lakini sitaandika kingine," alisema.

"Usiandike. Muache tu akiwa hai."

Chai ikapoa mezani wakati daktari akifuta na kuandika upya. Alipomaliza, mama alimtaka asome kwa sauti.

"Risasi ikamkosa. Koplo Tito akaomba likizo, akapanda njia ya Kibosho, akamkuta mama yake anamkatia ng'ombe majani. 'Mama, nimerudi,' akasema, akavua buti."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Kitabu kinaishia hapo."

"Haondoki tena?"

"Haondoki."

Mama Salvina alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Soma tena," akasema.